Altaneta ya 3L kwenye boti ya dagaa: niweke ya ampea 150 au shida iko kwingine?

Mwana_Kibirizi

Wakuu, mwakeye. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina boti ya mbao ya dagaa, naegesha Kibirizi hapa Kigoma. Injini ni Toyota 3L ya dizeli iliyotolewa kwenye Hiace, tukaifungia shafti na propela. Altaneta (ile jenereta ndogo ya injini inayochaji betri) ni ileile iliyokuja na injini, imeandikwa 12V 60A. Betri ninazo tatu: N70 moja ya kuwashia injini na N100 mbili za taa. Zote zimeungwa pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zinapita kwenye kiswichi kimoja kikubwa cha lori.

Taa ni LED nane za wati 20 kila moja. Tunatoka jioni, tunatembea kama saa moja, tunazima injini na kuwasha taa hadi karibu na kucha. Ikifika saa tisa usiku taa zinafifia na dagaa wanaanza kutawanyika. Alfajiri napiga stata, injini inakohoa tu. Inabidi tuazime betri kwa boti ya jirani, na huyo jirani akishakuazimisha betri mwalo mzima utajua kabla dagaa hawajaanikwa.

Kuna fundi kaniambia altaneta ni ndogo, ninunue ya ampea 150 ya gari kubwa. Anataka laki nne na nusu, ufundi juu. Betri si za zamani sana, nilinunua baada ya Ziwa Tanganyika kufunguliwa tena kwa uvuvi Agosti 2024. Nitoe hela?

Kalalangabo_Finest

Rudi kwenye karabai mkuu. Karabai haidai chaji 😂

Fundi_Gungu

Mdogo wangu, usitoe hata mia kwa sasa. Ampea 150 zinasikika vizuri mdomoni, lakini huyo fundi aliweka testa wapi hata akajua altaneta ni ndogo?

Fanya hivi. Alfajiri mnaporudi, betri zikiwa na njaa, injini iwe kwenye mwendo wa kawaida, isiwe sailensa, yaani mngurumo wa chini kabisa. Chukua testa, weka kwenye DC 20. Pima kwanza volti kwenye altaneta yenyewe: waya mwekundu kwenye ile bolti nene ya nyuma, mweusi kwenye bodi ya altaneta. Halafu pima kwenye betri, na ncha ziguse risasi ya betri, zisiguse kile kichwa cha waya. Kisha kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: ncha moja kwenye bolti nene ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Hapo testa inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Niambie na unene wa waya na urefu wake.

Mwana_Kibirizi

Kaka fundi, nimepima leo asubuhi. Kwenye altaneta 14.2. Kwenye betri 13.3. Upande wa chanya testa inasoma 0.55, upande wa hasi 0.35.

Waya ni wa milimita 10 za mraba, urefu kama mita tano kwenda na tano kurudi, maana betri ziko mbele chini ya kiti cha nahodha. Nyuma kwenye injini maji ya chini yanapanda. Dogo mmoja alikuwa na mita ya kubana, tukaibana kwenye waya ikasoma kama ampea 40. Altaneta yenyewe ilikuwa ya moto, mkono haukai. Halafu nyuma yake kuna mafuta meusi yanavuja, sijui kama yanahusika.

Fundi_Gungu

Safi sana, sasa tunaongea kwa namba. Mafuta nitayarudia.

Anza na matumizi. Taa nane za wati 20 ni wati 160. Gawa kwa 12, ni ampea 13 na kidogo. Kwa saa kumi za usiku umetumia ampea-saa 130 na ushee. Betri zako za taa, N100 mbili, zina ampea-saa 200 kwa maandishi, na kwa kuwa umeziunga na ile ya stata, taa zinainyonya na hiyo. Ndiyo maana asubuhi injini inakohoa. Kosa hilo si la altaneta hata kidogo.

Sasa kurudisha. Betri ya asidi hairudishi kila unachoipa, ukitoa 130 andaa kama 150. Na ile 60A iliyoandikwa kwenye altaneta ni ya ikiwa baridi na inazunguka kasi. Ikishapata joto ndani ya boksi la injini inatoa 40 hivi, na mita ya dogo imesema hivyohivyo. Saa moja kurudi, saa moja kwenda: 80. Unadaiwa 70 kila usiku. Deni hilo betri inalilipa kwa mwili wake: risasi inageuka salfeti, inaganda, na hiyo sehemu haichajiki tena. Nina hakika zile ulizokuwa nazo kabla ya ziwa kufungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uliziacha kwenye boti zikiwa nusu tupu miezi mitatu, ukakuta zimekufa. Nusu ya betri zilizoletwa kwangu mwezi ule zilikuwa za namna hiyo.

Njoo kwenye ampea 150. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Betri ya maji, hii ya risasi na asidi kama zako, inapokea kwa kiwango chake. Ikiwa tupu inakubali kama robo ya ukubwa wake, basi kwa N100 zako mbili ni ampea 50. Ikijaa inazidi kukataa, na kuanzia asilimia 80 kwenda juu inapokea kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata ukifunga altaneta ya meli ya Liemba. Chupa ni ileile na mdomo ni uleule, wewe umebadilisha ndoo. Ungelipa laki nne na nusu upate ampea kumi zaidi kwa nusu saa ya kwanza.

Kinachokukosesha chaji kwanza ni waya. Betri ya maji inataka 14.4 ili ijae vizuri, yako inaona 13.3. Kwa volti hizo hata ukizunguka ziwa lote hadi Mpulungu kule Zambia haitajaa. Hesabu ya waya ni rahisi: 0.0175 mara urefu kwa mita, gawa kwa unene, unapata omu. Zidisha kwa ampea. Waya wako wa 10, mita tano, ampea 40, unapoteza 0.35. Upande wa hasi umesoma 0.35 kamili, maana yake viungo vya upande huo ni vizima na tatizo ni wembamba tu. Upande wa chanya umesoma 0.55, basi 0.2 imejificha kwenye viungo: kile kiswichi cha lori, au kichwa cha waya kilichokazwa kwa koleo. Ukikigusa wakati wa kuchaji utakuta kina joto.

Weka waya wa shaba wa 35 pande zote mbili. Hapo kwa ampea 40 unapoteza 0.1 kila upande, betri inaona 14. Waya wa hasi uende moja kwa moja kwenye bodi ya altaneta, usitegemee bolti ya kushikia injini. Vichwa vikandamizwe kwa mashine yake, kuna vijana pale Mwanga, hapahapa Kigoma, wanayo. Ziwa letu ni maji baridi kwa hiyo huliwi na kutu kama watu wa Pwani, lakini ule ukijani kwenye vichwa vya betri ni asidi. Uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, ukaushe, upake grisi.

La pili, itenganishe ile N70 ya stata. Kuna rilei inayohisi volti: altaneta ikichaji na volti zikapanda kufika 13.3 hivi inaunganisha betri zote, injini ikizimwa na volti zikashuka kwenye 12.8 inaachia. Taa zitakula N100 tu. Usiku mfanye mtakavyofanya, asubuhi injini itawaka. Usikubali kufungiwa ile ya diodi ya zamani, inakula karibu volti 0.7 na wewe volti huna za kugawa.

La tatu ni zile 70 unazodaiwa. Boti yako inalala Kibirizi kuanzia asubuhi hadi jioni, jua linawaka bure. Paneli ya wati 300 na kontrola iliyowekwa 14.4 kwa betri za maji itakupa ampea 16 hivi jua likiwa kali, kwa saa nne au tano ni kati ya 65 na 80. Deni limelipwa, na limelipwa polepole kama betri inavyopenda. Hiyo laki nne na nusu ya altaneta peleka huko.

Unyanyembe_Sola

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi nafunga sola, boti sijui, lakini kwa nini mnahangaika na risasi? Akinunua lithiamu ya ampea-saa 200 inapokea chaji yote unayoipa, haina habari ya kukataa ikifika asilimia 80, na unaweza kuitumia hadi karibu iishe bila kuiumiza. Hapo hata altaneta ya 150 inakuwa na maana.

Fundi_Gungu

Mkuu wa Tabora, kuhusu betri umesema kweli. Ila wewe umezoea chaja yako ni kontrola ya sola, inajua kujizuia. Altaneta haijui.

Altaneta ya gari imetengenezwa kujazia kile kidogo kilichotumika kuwasha gari, kisha ipumzike. Lithiamu haiipumzishi. Itadai ampea zote kuanzia dakika ya kwanza hadi inakaribia kujaa, na altaneta ndani ya boksi la mbao lisilo na hewa itaungua koili. Mbaya zaidi ni pale betri inapojaa, au bodi ya ulinzi iliyo ndani yake inapoona hatari na kukata ghafla. Umeme uliokuwa unakwenda unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu, diodi za altaneta zinakufa na taa za LED zinaweza kufuata.

Anayetaka lithiamu aache betri ya risasi ya stata ibaki kwa altaneta, kisha kati yake na lithiamu aweke chaja ya betri kwa betri ya ampea 30. Hiyo inajizuia yenyewe. Lakini piga hesabu: ampea 30 kwa saa mbili ni 60. Bado sola anaihitaji. Ukitaka kwenda juu zaidi ndipo unaingia kwenye altaneta kubwa yenye regyuleta ya nje inayopima joto, na fenibelti nayo inaingia kwenye hesabu. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1400, na kwa kuwa altaneta inapoteza karibu nusu kwa joto, injini inatoa nguvu za farasi tatu hadi nne kwa ajili ya hiyo tu. Fenibelti moja nyembamba ukiipita ampea 80 hadi 100 inaanza kulia na kumwaga unga mweusi. Kwa boti yenye hela, ya kupeleka wageni Gombe au Mahale, naifunga bila wasiwasi. Kwa dagaa, mtu ahesabu mwenyewe.

Mzee_wa_Mwalo

Mwanangu wa Kibirizi, nimesoma yote. Fundi anajua kazi yake. Mimi naongeza la majini tu.

Taa nane za nini usiku kucha? Mkishaona dagaa wamekusanyika mnazima za pembeni, mnabaki na mbili tatu za katikati, dagaa wanabana chini ya wavu. Sisi na karabai tulikuwa tunafanya hivyo kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ghali. Vijana wa LED mnaziacha zote zinawaka mtu amelala. Halafu msije mkashawishika kuacha injini kwenye sailensa usiku kucha ili ichaji. Dizeli inaisha, na kelele ile tumboni mwa boti dagaa hawaipendi.

Na kama mtu atakwambia uweke kajenereta ka petroli na chaja, hako usikaweke ndani ya boti ya mbao karibu na betri. Betri ikichaji inatoa hewa inayoshika moto. Nimeona boti ikiwaka pale Katonga kwa mchezo wa namna hiyo.

Mwana_Kibirizi

Shikamoo mzee. Hilo la taa umenikamata, kweli tunaziacha zote. Tukizima nne kuanzia saa sita usiku naona tunaokoa kama theluthi.

Kaka fundi nimekuelewa. Nitafanya waya na rilei kwanza, paneli mwezi ujao Mungu akipenda. Maswali matatu. Yale mafuta nyuma ya altaneta? Kiswichi cha lori nikitupe au kibaki? Na fyuzi niweke ya ngapi, maana sasa hivi hakuna kabisa.

Fundi_Gungu

Mafuta: nyuma ya altaneta ya 3L kuna pampu ya vakyumu, ilikuwa ya kusaidia breki za Hiace. Boti haina breki, lakini pampu bado inazungushwa na bado inaletewa oili ya injini kwa kibomba chembamba, kisha oili inarudi kwenye sampu kwa mpira mnene. Sili ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta na kulowesha kaboni. Chaji inaanza kwenda na kurudi, mwisho inakata. Ifungue, badilisha sili na kaboni kwa pamoja, na ukaguse beringi kama bado inazunguka bila kukwaruza. Ukipenda kuondokana nayo kabisa tafuta altaneta isiyo na pampu yenye mikono ileile ya kufungia. Ila sikiliza vizuri: ule mlango wa oili uzibwe kwa bolti na washa ya shaba, na ule wa kurudi nao uzibwe. Ukisahau ule wa kwanza injini itamwaga oili yote chini ya boti na utajua pale inapoanza kugonga.

Kiswichi kibaki, lakini kisafishwe au kibadilishwe kama sahani zake zimeungua, na wakanye vijana wasikizungushe injini ikiwa inanguruma. Kukata betri altaneta ikiwa inachaji ni sawa na ile habari ya lithiamu niliyomwambia mwenzetu wa Tabora, diodi zinakwenda.

Fyuzi ya 100 kwa waya wa 35. Iwe upande wa betri, kwenye sentimita 20 za kwanza kutoka kwenye chanya, usiiweke kule kwenye altaneta. Waya ukichubuka katikati, altaneta inaweza kuleta ampea 60 tu, betri inaweza kuleta mamia. Taa ziwe na fyuzi yao ya 20. Boksi la betri litobolewe juu, ile hewa aliyosema mzee inapanda. Na kazi yote hiyo ifanye wakati wa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na boti iko nchi kavu hata hivyo.

Mwana_Kibirizi

Sawa kaka. Mbalamwezi ikianza navua nyaya. Nikishafunga nitapima tena pande zote mbili, nitaweka namba hapahapa. Yule fundi wa laki nne na nusu kanipigia simu leo, nimemwomba aje na testa.

Kalalangabo_Finest

Atakuja na altaneta.